Hukumu ya O.J. Simpson 1995: kwa nini huku vigelegele, kule butwaa?

Mdadisi_Temeke:

Wakuu, habari za leo.

Klabu yetu ya mdahalo imepewa mada ya hukumu ya O.J. Simpson, nyota Mweusi wa zamani wa mpira wa Kimarekani aliyeshtakiwa kwa kumuua mtalaka wake na rafiki wa mtalaka huyo. Ni ile hukumu ya tarehe 3 Oktoba 1995 kule Los Angeles, na jinsi Wamarekani Weusi na Wazungu walivyoipokea kila upande kivyake. Picha zinazozunguka ni zilezile: wanafunzi wa Howard, chuo kikuu cha Weusi, wanarukaruka kwa furaha, halafu kamera inahamia kwa Wazungu walioziba midomo kwa viganja. Maelezo nayo ni yaleyale, kwamba Weusi walimbeba Mweusi mwenzao, hadithi ikaishia hapo.

Mimi naona hayatoshi. Simpson aliishi Brentwood, mtaa wa matajiri wengi wao Wazungu, na hakujulikana kwa kusemea haki za Weusi hata kidogo. Kwa nini basi wamshangilie yeye?

Yanayonitatiza ni haya. Ushahidi ulichukua miezi minane, juri ikajadili chini ya saa nne. Damu yenye vinasaba vyake ilikutwa eneo la mauaji, lakini akaachiwa. Mwaka 1997 mahakama nyingine ikasema aliwaua watu walewale. Na takwimu za kura za maoni, kila mtu anakuja na zake.

Naomba mambo yenye tarehe na namba. Porojo za kijiweni tunazo za kutosha.

---

Karani_Mstaafu:

Mkuu, anza na muundo wa mahakama yenyewe, maana hapo ndipo wengi hujikwaa.

Juri ya Marekani usiifananishe na wazee wa baraza. Mzee wa baraza kwetu hutoa maoni tu. Jaji asipokubaliana naye anaandika sababu zake na kuamua anavyoona. Kule ni kinyume. Kazi ya Jaji Lance Ito ilikuwa kuchuja ushahidi upi usikilizwe na kuwaelekeza wajumbe kwenye sheria. Swali la kama Simpson aliua au hakuua lilikuwa mikononi mwa raia 12, na raia hao hawaandiki sababu yoyote. Wakisema hana hatia, imeisha. Upande wa mashtaka hauna rufaa, kwa kuwa Marekebisho ya Tano ya Katiba yanazuia mtu kushtakiwa mara mbili kwa kosa lilelile.

Jambo ambalo watu hulisahau: kesi ya jinai California inataka wote 12 wakubaliane, iwe kumtia hatiani au kumwachia. Mmoja akigoma, juri imekwama na kesi inaweza kuanza upya. Juri iliyotoa uamuzi ilikuwa na wanawake 10 na wanaume 2. Weusi 9, Wazungu 2 na Mlatino 1. Kura ya kwanza mle chumbani ilikuwa 10 kwa 2 za kumwachia. Kwa hiyo anayedai kwamba juri ya Weusi ilimbeba, atueleze wale watatu walishikwa na nini. Mzungu mmoja tu aliyesimama kidete angetosha kuikwamisha hukumu.

Kuhusu saa nne. Wajumbe walifungiwa hotelini tangu Januari, jumla ya siku 265 hivi, bila magazeti wala habari za televisheni. Wajumbe 10 waliondolewa njiani kwa sababu mbalimbali, nafasi zao zikajazwa na wa akiba. Walipoanza kujadili tarehe 2 Oktoba waliomba wasomewe tena jambo moja tu, ushahidi wa dereva wa limuzini aliyekuja kumchukua Simpson usiku ule kumpeleka uwanja wa ndege. Wapo wanaosema walichoka wakataka kwenda kwao, wapo wanaosema shaka ilikuwa imeshakomaa siku nyingi. Mimi naona yote mawili yalikuwemo.

Halafu kuna suala la mahali. Mauaji yalitokea Brentwood, kwa hiyo kwa kawaida kesi ingesikilizwa Santa Monica, ambako wanaoitwa kwenye juri wengi wao ni Wazungu. Ilisikilizwa katikati ya jiji, ambako Weusi na Walatino ni wengi zaidi. Mwendesha mashtaka mkuu Gil Garcetti amelaumiwa kwa hilo hadi leo. Sababu zilizotajwa ni za kawaida tu: jengo la Santa Monica lilipata madhara kwenye tetemeko la Januari 1994, na kesi ndefu zenye ulinzi mkali na waandishi wengi zilizoea kupelekwa mjini. Ila mnaposimama kwenye mdahalo msiliseme kana kwamba lilikuwa njama ya upande wa utetezi. Uamuzi wa kufungua kesi pale ulikuwa wa upande wa mashtaka wenyewe.

---

Kichupa_cha_Damu:

Nijibu la vinasaba, kwa sababu hili husimuliwa vibaya na pande zote mbili.

Usiku wa tarehe 12 Juni 1994 Nicole Brown Simpson, mtalaka wa Simpson, na rafiki yake Ronald Goldman waliuawa kwa kisu mbele ya nyumba ya Nicole, Bundy Drive. Pembeni ya alama za viatu zilizoondoka pale kulikuwa na matone ya damu, upande wa kushoto. Simpson alikuwa na jeraha kwenye kidole cha kati cha mkono wa kushoto. Kwa mtu wa maabara huo ni ushahidi mzito, na matokeo ya vinasaba yalimwelekea yeye. Utetezi haukuwa na ubavu wa kusema sayansi ya vinasaba ni uongo. Barry Scheck na Peter Neufeld, waliosimamia sehemu hiyo, wenyewe ndio waliokuwa wakiitumia sayansi hiyo kuwatoa jela watu waliofungwa kimakosa. Walichofanya ni kuhama kutoka maabara kwenda kwa aliyeokota sampuli.

Fuata kichupa kimoja uone. Tarehe 13 Juni muuguzi wa polisi alimtoa Simpson damu makao makuu. Kwenye usikilizwaji wa awali alisema ni kama mililita 8. Hesabu za kumbukumbu za maabara zilipojumlishwa zilifika kama 6.5. Utetezi ukauliza: 1.5 imekwenda wapi? Baadaye muuguzi alieleza kwamba ile 8 ilikuwa makadirio, pengine alitoa pungufu. Maelezo hayo yana mantiki, lakini kwa juri yalisikika kama kiraka.

Kichupa kilekile hakikuandikishwa papo hapo. Mpelelezi Philip Vannatter alikichukua ndani ya bahasha, akaendesha gari hadi nyumbani kwa Simpson mtaa wa Rockingham, zaidi ya kilomita 30, akamkabidhi mtaalamu wa vielelezo Dennis Fung aliyekuwa bado anakusanya damu pale. Hebu fikiri: damu ya mtuhumiwa iko mfukoni mwa polisi, kwenye nyumba ambamo damu ya mtuhumiwa inatafutwa. Si lazima awe alimwaga hata tone. Kiutaratibu kosa lilishatendeka.

Ongeza damu ya geti la nyuma la Bundy, iliyochukuliwa tarehe 3 Julai, wiki tatu baada ya mauaji, na ile ya kwenye soksi za chumbani kwa Simpson, iliyogunduliwa Agosti ingawa soksi zilikuwa mikononi mwa polisi tangu Juni. Utetezi ukadai kuna EDTA, dawa inayowekwa kwenye vichupa ili damu isigande, maana yake damu ilitoka kwenye kichupa. Mtaalamu wa FBI akapinga, mtaalamu wa utetezi akashikilia lake.

Pamoja na hayo, vipande vya kitambaa vilivyofyonza damu viliwekwa vibichi kwenye mifuko ya plastiki, vikakaa ndani ya gari lenye joto. Unyevu na joto huzalisha bakteria, bakteria huharibu vinasaba. Maabara nako, mchunguzi alipofungua kichupa cha damu ya Simpson ilimchafua glavu, na siku hiyohiyo akashika sampuli za Bundy. Scheck alimhoji Fung kwa siku kadhaa mfululizo juu ya mambo ya aina hii.

Hoja ya upande wa mashtaka ambayo haikupewa uzito unaostahili ni hii: damu ikiharibika, matokeo hufifia au hupotea. Haigeuki ikawa ya mtu mwingine. Na sampuli tupu za udhibiti, zilizobebwa na kupimwa pamoja na zile zenye damu, zilitoka safi. Kama uchafuzi wa maabara ungekuwa mkubwa kiasi kile, nazo zingechafuka. Wakili mzuri angeieleza hoja hii kwa dakika kumi. Wao waliizika chini ya wiki nzima za mihadhara ya kitaalamu.

Glavu nayo, ile ya ngozi yenye damu iliyodaiwa kuvaliwa na muuaji. Tarehe 15 Juni 1995 Christopher Darden, wakili wa mashtaka, alimtaka Simpson aivae mbele ya juri. Makosa matatu kwa mpigo: ilikuwa ngozi iliyolowa damu ikakauka, alivalishwa juu ya glavu nyembamba ya mpira, na mtu anayevaa ndiye mshtakiwa mwenyewe, vidole ni vyake. Haikuingia vizuri. Siku chache baadaye walileta jozi mpya ya aina ileile ikamwenea, lakini nani anakumbuka hiyo? Johnnie Cochran, kiongozi wa mawakili wa utetezi, akaifanya glavu kuwa kibwagizo cha hoja zake za mwisho: ikiwa haiingii, mwachieni.

---

Ndovu_wa_Nairobi:

@Kichupa_cha_Damu, hapo umenena. Lakini hadithi ya kichupa mfukoni mwa polisi ilisikika tofauti kulingana na mtu alikokulia, na hapo ndipo jibu la swali la kwanza lilipo.

Mzungu wa Brentwood akisikia kwamba polisi huenda alipandikiza glavu, anaona ni sinema. Mweusi wa Los Angeles ya mwaka 1995 alikuwa na kumbukumbu mbichi. Tarehe 3 Machi 1991 Rodney King, dereva Mweusi, alipigwa marungu na polisi wa jiji hilo, video ikaonyeshwa dunia nzima. Siku 13 baadaye Latasha Harlins, msichana Mweusi wa miaka 15, alipigwa risasi kisogoni na mwenye duka, Soon Ja Du, kwa ugomvi wa chupa ya juisi ya machungwa ya dola 1.79. Juri ilimtia hatiani mwenye duka kwa kuua bila kukusudia, kosa lililoweza kumpa hadi miaka 16. Jaji akampa kifungo cha nje, saa 400 za kazi za jamii na faini ya dola 500.

Kisha polisi waliompiga King. Kesi yao ilihamishiwa Simi Valley, kaunti jirani, na juri haikuwa na Mweusi hata mmoja: Wazungu 10, Mlatino 1, mwenye asili ya Asia 1. Tarehe 29 Aprili 1992 hawakumtia hatiani hata mmoja. Ghasia zilizofuata ziliua watu zaidi ya 50 na kuteketeza mali ya karibu dola bilioni moja. Kutoka siku hiyo hadi maiti za Bundy ni miaka miwili na mwezi mmoja na nusu hivi tu.

Tume ya kuchunguza polisi wa Los Angeles, iliyoongozwa na Warren Christopher, ilikuwa imeshatoa ripoti Julai 1991. Ilisoma ujumbe ambao polisi walikuwa wakitumiana kwenye kompyuta za magari yao, ikakuta matusi ya rangi yameandikwa waziwazi, kwenye mtambo wa kazi unaotunza kumbukumbu. Ikataja pia askari 44 waliorundikiwa malalamiko ya kutumia nguvu kupita kiasi au mbinu zisizofaa, na bado wapo kazini.

Sasa mlete Mark Fuhrman, mpelelezi wa polisi aliyeiona glavu ya kulia nyuma ya nyumba ya Simpson. Machi 1995 F. Lee Bailey, wakili wa utetezi, alimuuliza kama katika miaka 10 iliyopita aliwahi kutumia neno lile la kuwatukana Weusi. Akajibu hapana, chini ya kiapo. Miezi michache baadaye zikapatikana kanda za mahojiano yake na mwandishi wa filamu, neno hilo limo mara 41, pamoja na majigambo ya kuwatesa watuhumiwa. Ito aliruhusu juri isikie vipande viwili tu. Fuhrman aliporudishwa tarehe 6 Septemba, juri ikiwa nje, akatumia haki ya kutojibu, hata alipoulizwa kama alipandikiza ushahidi. Mwaka 1996 hakupinga shtaka la uongo chini ya kiapo, akapata miaka mitatu ya kifungo cha nje na faini ya dola 200.

Vyombo vya habari navyo vilichochea mapema. Tafuta majalada mawili ya tarehe 27 Juni 1994, la Time na la Newsweek. Yote yametumia picha ileile iliyopigwa na polisi. Newsweek iliiacha ilivyo. Time iliitia giza: ngozi imekuwa nyeusi zaidi, ndevu zisizonyolewa zimekolezwa, kingo zimefifia. Yaweke sambamba kwenye skrini ya ukumbi wenu, hayahitaji maelezo.

Na msidhani mambo haya ni ya Marekani peke yao. Kenya ya mkoloni, Mzungu alikuwa na juri ya Wazungu wenzake. Mwafrika alikabidhiwa kwa jaji na wazee wa baraza. Sir Jock Delves Broughton alishtakiwa Nairobi mwaka 1941 kwa kumuua Lord Erroll, juri ikamwachia. Hakuna aliyewauliza wapishi na madereva wa mtaa wa Karen wanaonaje.

---

Mdadisi_Temeke:

Asanteni sana. Ila @Ndovu_wa_Nairobi, mpinzani wangu atasema hivi: kumbe juri ililipiza kisasi cha King. Nitamjibu nini?

---

Ndovu_wa_Nairobi:

Mjibu kwamba kisasi na shaka ni vitu viwili. Anayelipiza kisasi anajua mshtakiwa aliua, anamwachia makusudi. Mwenye shaka anasema, siwezi kumwamini aliyeniletea glavu, kwa hiyo siwezi kuiamini glavu. Maelekezo ya jaji yalimruhusu jambo hilo: juri ikimkuta shahidi amesema uongo wa makusudi kwenye jambo la msingi, inaweza kuutupa ushahidi wake wote.

Hata hivyo usijifanye hakuna lolote. Cochran kwenye hoja za mwisho alimlinganisha Fuhrman na Hitler na kuwataka wajumbe watume ujumbe kwa polisi. Robert Shapiro, wakili mwenzake wa upande uleule, alijitenga naye hadharani mara baada ya hukumu na kulaani jinsi suala la rangi lilivyotumika. Ukilificha hilo, mpinzani atalitoa yeye.

---

Bi_Mwanasheria:

Samahani wakuu, mmejaza ukurasa mzima na Nicole ametajwa mara mbili tu. Ndivyo ilivyokuwa hata kule mahakamani.

Usiku wa kuamkia Mwaka Mpya wa 1989 polisi waliitwa nyumbani kwao, wakamkuta amepigwa. Simpson hakupinga shtaka, akapewa kifungo cha nje na saa 120 za kazi za jamii. Oktoba 1993 Nicole alipiga simu ya dharura na sauti ya Simpson ikifoka inasikika nyuma yake. Upande wa mashtaka ulifungua kesi na mambo haya, ukiamini wanawake, waliokuwa wengi kwenye juri, watayaelewa.

Hesabu hiyo ilikuwa mbovu, na walionywa. Don Vinson, mtaalamu wa kuchagua juri aliyewasaidia bure, alifanya majaribio na juri za kuigiza akamwambia Marcia Clark, kiongozi wa mawakili wa mashtaka, kwamba wanawake Weusi ndio wagumu kuliko wote kumwona Simpson ana hatia, na wengi wao hawampendi Clark mwenyewe. Clark alitegemea uzoefu wake wa kesi za nyuma na kumweka kando. Utetezi, wakiwa na Jo-Ellan Dimitrius, walifikia matokeo yaleyale na wakayafanyia kazi. Fomu ya maswali 294 waliyojaza wajumbe watarajiwa ilikuwa wazi kwa pande zote mbili. Tofauti ni nani aliisoma kwa makini. Kuwaengua kwa rangi kusingewezekana, hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani iitwayo Batson, ya mwaka 1986, inakataza, lakini upande wa mashtaka ulikuwa na nafasi za kuwakataa watu kwa majibu yao na nyingine haukuzitumia.

Baada ya hukumu mjumbe mmoja wa juri alisema hadharani kwamba habari za kipigo zilikuwa kupoteza muda, kesi ilikuwa ya mauaji. Kauli hiyo iliwakera wanawake wengi, Weusi wakiwemo. Kwa hiyo mnapochora mstari kati ya Weusi na Wazungu, chora na mwingine katikati yake: mwanamke Mweusi alitakiwa achague kati ya kumwogopa polisi na kumwogopa mume, na aliulizwa kana kwamba ana jibu moja.

---

Mizani_ya_Kinondoni:

Sasa takwimu. Hapa ndipo midahalo huharibika.

Kosa la kwanza ni kuchanganya maswali. "Unadhani Simpson aliua?" ni swali moja. "Juri iliamua sawasawa?" ni jingine. "Kesi iliendeshwa kwa haki?" ni la tatu. Mtu anaweza kusema aliua, lakini juri iliamua sawa kwa ushahidi iliopewa. Kura ya kampuni ya maoni ya Gallup ya Oktoba 1995 iliuliza juu ya uamuzi wa juri: takribani asilimia 78 ya Weusi walisema ulikuwa sahihi, na asilimia 42 hivi ya Wazungu wakasema hivyohivyo. Irudie hiyo ya pili. Wazungu wanne kati ya kumi waliikubali hukumu. Kwenye picha za televisheni wako wapi?

Kosa la pili ni ukubwa wa sampuli. Kura ya kitaifa ya watu 1,000, Weusi wakiwa kama asilimia 12, ina Weusi 120 tu. Ukikokotoa ukingo wa makosa kwa watu 120 unapata karibu pointi 9 juu au chini. Kwa Wazungu 780 ni kama 3.5. Ukiona kura haikuongeza Weusi kwenye sampuli, tofauti ya pointi 5 kati ya kura mbili isikutoe jasho. Pengo la 78 na 42 ni kubwa mno kufichwa na ukingo huo, kwa hiyo mgawanyiko ulikuwepo kweli. Kinachozidishwa ni usafi wake, kana kwamba kila kambi ilisema kitu kimoja.

La tatu, Walatino na wenye asili ya Asia. Los Angeles ile walikuwa sehemu kubwa ya jiji, jaji ana asili ya Japani, na bado simulizi likabaki na rangi mbili. Kwenye kura nyingi za wakati ule hawakutengewa hata safu yao.

La nne ni muda. Kura ya Washington Post na ABC ya mwaka 2015, miaka 20 baadaye: Wazungu asilimia 83 walisema hakika au yamkini aliua, Weusi 57. Pengo bado lipo, lakini Weusi wengi sasa wako upande wa pili wa nusu. Ushahidi wa vinasaba haukubadilika. Tahadhari moja: usichukue 57 ya mwaka 2015 ukaiweka kando ya 78 ya mwaka 1995 useme maoni yamegeuka kwa kiasi hiki. Ni maswali mawili tofauti, rudi kosa la kwanza.

Na picha zenyewe. Kamera zilipangwa mapema mahali penye watu wengi kwa sababu uamuzi ulifikiwa tarehe 2 Oktoba na ukatangazwa kesho yake saa nne asubuhi za kule. Vyombo vya habari vilipata usiku mzima wa kuchagua wasimame wapi. Aliyeipokea hukumu kimya sebuleni kwake hakuingia kwenye taarifa ya habari.

---

Karani_Mstaafu:

Namalizia la mwaka 1997, maana bado halijajibiwa.

Ile ilikuwa kesi ya madai, iliyofunguliwa na familia za marehemu, na safari hii ilisikilizwa Santa Monica. Marufuku ya kushtakiwa mara mbili haigusi madai. Kiwango cha uthibitisho ni cha chini: inatosha ionekane kuna uwezekano mkubwa zaidi kwamba alifanya kuliko kwamba hakufanya. California inahitaji wajumbe 9 kati ya 12, ingawa hapa wote 12 walikubaliana. Jaji Hiroshi Fujisaki alikataza kamera na akabana sana mjadala wa polisi na ubaguzi.

Tofauti iliyouma zaidi ni kwamba Simpson hakuweza kukaa kimya. Kwenye jinai hakupanda kizimbani. Kwenye madai alilazimika kujibu, akasema hajawahi kuwa na viatu vya Bruno Magli vya aina iliyoacha alama za damu Bundy. Saizi ilikuwa 12, na jozi za saizi hiyo zilizouzwa Marekani nzima zilikuwa 299. Kisha zikatokea picha, 31 kwa jumla, anatembea uwanjani amevaa viatu hivyohivyo, na mojawapo ilikuwa imeshachapishwa kabla ya mauaji. Juri ya 1995 haikuziona kabisa. Februari 1997 akaamriwa kulipa dola milioni 33.5: milioni 8.5 za fidia na 25 za adhabu. Sehemu kubwa haikulipwa hadi anafariki Aprili 2024, kwa sababu pensheni yake ya mpira ililindwa na sheria.

Mpinzani wako akisema juri ya 1997 ndiyo iliyokuwa ya haki, muulize ilikuwa na Weusi wangapi. Wajumbe wengi walikuwa Wazungu, na Weusi wengi waliitazama kwa jicho lilelile ambalo Wazungu waliitazamia ile ya kwanza.

---

Mdadisi_Temeke:

Nimeelewa wakuu. La mwisho: kwenye kauli ya ufunguzi nitamke kwamba aliua, au hakuua?

---

Bi_Mwanasheria:

Usitamke lolote kati ya hayo. Sema: jinai, hakutiwa hatiani, madai, alipatikana kuwajibika kwa vifo. Majaji wa mdahalo wakikubana utoe msimamo, toa wako, lakini baada ya kueleza kichupa, kanda na viatu. Na hakikisha majina ya waliouawa umeyataja kabla ya jina la Simpson.

---

Kichupa_cha_Damu:

Na acha kujaribisha glavu jukwaani. Najua mmeshafikiria.